Maswali na Majibu: Madaftari ya Hisa ya Benki ya Ukoo wa Hoare

Katika safu iliyopita niligusia madaftari ya hisa ya C. Hoare & Co., benki ya London iliyoanzishwa mwaka 1672 na sonara Richard Hoare, ambayo hadi leo iko mikononi mwa ukoo huohuo. Maswali yamekuja mengi. Nimechukua haya.

Shikamoo Mwalimu. Sonara na benki vinahusiana nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Sonara alikuwa na makasha imara ya kuhifadhia mali. Watu walimwekesha dhahabu yao, naye akawaandikia hati ya kuipokea. Baadaye hati zenyewe zikawa zinapita mkono kwa mkono kama fedha. Hoare alianzia mtaa wa Cheapside, kwenye duka lenye alama ya Chupa ya Dhahabu, kisha mwaka 1690 akahamia Fleet Street. Benki ingali Fleet Street.

Nasoma uhasibu. Ukurasa wa akaunti ya hisa wa enzi hizo unasomwaje? (Mwanafunzi, Morogoro)

Swali lako limenifurahisha, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Kushoto ni debiti: hisa zilizonunuliwa. Kulia ni krediti: zilizouzwa, pamoja na gawio lililopokelewa, yaani fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa. Hadi hapo hupati shida. Tatizo ni kwamba kiasi cha hisa nacho kiliandikwa kwa pauni, kando ya fedha iliyolipwa, nayo kwa pauni. Hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini (South Sea Company) ya Uingereza zilitajwa bei kwa kila pauni 100 za mtaji, yaani thamani ya hisa iliyoandikwa, si bei ya sokoni. Bei ikiwa 128, "pauni 1,000 za hisa" zinagharimu pauni 1,280 taslimu. Ikifika 950, hisa zilezile ni pauni 9,500. Ukichanganya safu hizo mbili, faida yote unayoipiga ni hewa.

Angalia pia tarehe. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ingizo la Februari 1720 kwa hesabu yetu unaweza kulikuta limeandikwa 1719, au 1719/20. Na pauni ilikuwa shilingi 20, kila shilingi peni 12. Wazee wetu waliosoma hesabu wakati wa ukoloni hawatapata taabu hapo.

Je, ni kweli akina Hoare walitajirika wakati wenzao wanafilisika mwaka 1720? Walibahatisha au walijua? (Msomaji, Mombasa)

Walipata faida, ndiyo. Mwanzoni mwa mwaka huo bei ya Bahari ya Kusini ilikuwa karibu 128. Kufikia katikati ya mwaka ilikaribia 1,000. Desemba ilikuwa imeshuka chini ya 200. Wachumi Peter Temin na Hans-Joachim Voth walipitia madaftari ya benki hii, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba iliondoka na faida ya kama pauni 28,000.

Kuhusu kujua, soma akaunti ya hisa sambamba na ya mikopo. Benki ilikuwa ikinunua hisa hizo kwa fedha yake, huku mteja anayeziweka rehani akikopeshwa kiasi kilicho chini sana ya bei ya sokoni. Kwa maneno mengine, ilijinunulia kitu ambacho haikukiamini kama dhamana. Temin na Voth wanasema akina Hoare walitambua kuwa bei imevimba kupita thamani, wakaamua kulipanda wimbi na kushuka mapema. Nakubaliana nao. Kumbuka pia kwamba wabia wa benki hii waliwajibika kwa madeni yake kwa mali zao zote, hata nyumba wanazolala, na mpaka sasa ni hivyo. Mtu wa namna hiyo hakopeshi kwa matumaini.

Napenda madaftari haya kwa sababu hiyo. Baada ya anguko kila mtu alidai aliliona likija. Karani aliyeandika ingizo siku ya mauzo hakujua kesho italeta nini, wala hakutuandikia sisi. Ndiyo maana namwamini.

Wanawake walikuwemo? (Msomaji, Zanzibar)

Walikuwemo. Wajane na wasioolewa walimiliki hisa kwa majina yao. Aliyeolewa, kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mali yake ya namna hiyo ilikuwa chini ya mume, isipokuwa awekewe amana maalumu, yaani mali ishikwe na watu wengine kwa niaba yake.

Kampuni hiyo iliuza nini hasa? (Msomaji, Bagamoyo)

Watu. Mwaka 1713 Uingereza ilipewa na Hispania mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa, "vipande" 4,800 kila mwaka, katika makoloni ya Hispania ya Amerika, kwa miaka 30, na kazi hiyo ikakabidhiwa Kampuni ya Bahari ya Kusini. Kipimo cha mkataba kiliitwa "pieza": mtu mzima mwenye nguvu alihesabiwa kipande kimoja, mtoto sehemu ya kipande. Unaandika kutoka Bagamoyo, sina haja ya kukueleza mengi. Kampuni ilishughulikia pia deni la serikali, na hilo ndilo lililopandisha bei mwaka 1720. Lakini kila nikitazama safu ya gawio huikumbuka ile sehemu ya kipande.

Mwalimu, babu alituachia vyeti vya hisa vya zamani ndani ya sanduku. Vina maana bado? (Msomaji, Nakuru)

Huenda vinayo. Usivitupe, usivipige laminesheni, wala usimkabidhi dalali. Piga picha pande zote mbili, kisha utafute kama kampuni ipo, imebadili jina au imeungana na nyingine. Mwandikie msajili wake wa hisa ukitaja jina kamili la babu na namba ya cheti. Daftari la wanahisa ndilo lenye neno la mwisho. Utahitaji cheti cha kifo na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Gawio lililokaa miaka bila kudaiwa huenda limeshahamishiwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali za fedha zisizodaiwa, chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Uliza huko pia, kwa jina la babu kama lilivyoandikwa kwenye cheti, hata kama herufi zilikosewa.