Klabu ya sayansi bila maabara: mimi chumvi ndiyo iliyonifaa

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mradi gani wa vitendo utawafaa vijana wa kidato cha pili, shule haina maabara na mkononi una elfu hamsini tu. Nafundisha fizikia hapa Bagamoyo. Nianze na nilipochemka.

Mwaka wa kwanza hela yote iliishia kwenye vifaa vya elektroniki. Tukaunda pipa la taka linalojifungua ukisogeza mkono. Walioelewa ni watatu, waliobaki wakawa watazamaji. Siku mbili kabla ya maonyesho mmoja akageuza nyaya za betri, kitambuzi kikaungua. Pipa lipo stoo, tunawekea chaki.

Mwaka uliofuata tukaomba ruhusa kwenye mabwawa ya chumvi, upande wa Nunge. Tukachota vidumu viwili: maji ya bahari, na ya bwawa la mwisho ambako chumvi inaanza kuganda. Swali: bila kuonja, utajuaje chumvi imezidi kiasi gani?

Maji yakiwa na chumvi nyingi yana densiti kubwa (lita moja ina uzito zaidi), na kitu huelea juu zaidi. Kifaa cha kupima hilo ni haidromita, na ya kawaida ni mrija wa soda. Unaziba chini kwa nta ya mshumaa, unatia vimisumari ili uelee wima. Kwenye maji ya mvua (usitumie ya kisima, visima vyetu vya pwani vina chumvichumvi) wetu ulizama milimita 100. Kwenye maji ya bahari ukazuka ugomvi: huyu anasoma 98, yule anaapa haujasogea. Hesabu inawatetea wote. Densiti ya maji ya bahari ni kama 1.025 ukilinganisha na 1 ya maji ya mvua, kwa hiyo mrija unapanda milimita mbili na kidogo tu. Kwenye maji ya bwawa la mwisho, yanayokaribia 1.2, ulizama 83, hapo hakuna wa kubisha.

Namna ya kuona tofauti ile ndogo sikuwaambia. Nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda kuliko yote. Wiki ya pili binti mmoja akaja na kichupa cha dawa ya maji, ametoboa kifuniko na kuchomeka mrija mwembamba, akaziba kwa nta. Kichupa chote kinazama, kinachokata uso wa maji ni mrija peke yake. Sasa tofauti ileile ya bahari na mvua ikawa karibu sentimita nne! Kanuni ya Archimedes (kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake) niliyoiandika ubaoni miaka yote, siku hiyo ndiyo waliyoiona. Ila kukitia kwenye maji ya bwawa, kichupa kikaibuka na kulala ubavu. Ikabidi wakubali kuwa na vipimo viwili, kila kimoja na maji yake.

Tulianika pia lita moja ya maji ya bahari kwenye sinia. Inatakiwa ibaki chumvi gramu 35 hivi, sisi tukapata 41, mbichi na chungu. Mzee wa mabwawani akacheka: maji yanayobaki chumvi ikishaganda humwagwa, hayakaushwi. Uchungu ule ni magnesiamu, inabaki kwenye maji hayo chumvi ikiganda, tena inavuta unyevu.

Usifanye wakati wa masika, sinia letu la kwanza lilijaa mvua. Kama uko bara, koroga gramu 35 za chumvi ya dukani upate lita moja ya "bahari". Ya bwawa inakula kama gramu 350 kwa lita ya maji. Mirija, mishumaa na misumari haikufika elfu tano. Iliyobaki tulinunua mizani ya jikoni.