Usimkabidhi CV kila wakala

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza kama ni vibaya mawakala wawili wa ajira kupeleka jina lako kwa nafasi ileile ya mtunza stoo kule Kasulu. Ni vibaya, tena sana. Anayemlipa wakala ni mwajiri. CV yako ikifika kwa njia mbili, mwajiri anaona ugomvi wa malipo unakuja, na mara nyingi anakuweka pembeni. Yalinikuta hapa Tabora: wakala mmoja alimtajia mwajiri kuwa nataka mshahara huu, mwingine ule. Sikuitwa hata kwenye usaili.

Mpigie huyo wa pili leo, usingoje kesho. Mwambie, "Samahani kaka, nafasi hii nimeshapelekwa na mwenzako, ila nyingine ukiipata nikumbuke." Hatakasirika; atakuheshimu. Na kuanzia sasa andika kwenye daftari nani kakupeleka wapi, lini, kwa mshahara gani.

Ukiwa na safari ya treni kwenda Dar mjulishe mapema wakala aliyekupeleka, maana njiani mtandao unakatika na yeye anahitaji jibu.

Wakala yeyote akikudai hela ya fomu, achana naye kabisa. Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza kumtoza mtafuta kazi.