Kuzalisha mbwa chotara wa kuuza: kosa liko wapi, na kazi yenyewe ni ipi

Mwenzetu wa Nyali, Mombasa, ana Labrador jike wa miezi 14, na jirani yake ana dume dogo la Poodle. Kuna mtu wa Tudor ameshatoa arubuni ya mtoto mmoja, kwa kuwa mwanawe ana pumu na ameambiwa chotara wa namna hii haleti mzio. Swali la mwenzetu ni hili: je, ni vibaya kuchanganya mbwa wa jamii mbili kwa makusudi ili uuze?

Kuchanganya kwenyewe si kosa. Mbwa wengi wanaolinda nyumba kuanzia Likoni hadi Mtwapa ni chotara, na kazi wanaifanya. Kosa huingia mtu anapouza ahadi asiyoweza kuitimiza, anapopandisha bila kupima, na watoto wasiopata mnunuzi wanapoachwa wajitafutie jalalani. Kwa jike huyu jibu langu ni moja: usimpandishe sasa, na mtu wa Tudor mrudishie pesa zake leo.

Nianze na pumu, maana hapo mtoto wa mtu anaweza kuumia. Kinacholeta mzio si unywele. Ni protini, na ile kuu huitwa Can f 1. Hutoka kwenye mate na magamba madogo ya ngozi, kisha hushika kwenye manyoya, makochi na mazulia. Poodle hapukutishi manyoya mengi, kwa hiyo nyumba huonekana safi, lakini mate anayo na ngozi anayo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya manyoya na nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio, Labradoodle (chotara wa Labrador na Poodle) wakiwemo, na hawakuona ushahidi kwamba protini hiyo ni kidogo kwao.

Hata Labradoodle wa mwanzo walionyesha hivyo. Wally Conron aliwazalisha Australia mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa kwenye chama cha mbwa wa kuongoza wasioona. Alikuwa anamtafutia mbwa mwanamke wa Hawaii asiyeona, ambaye mumewe alikuwa na mzio. Walizaliwa watoto watatu, manyoya na mate yao yakatumwa Hawaii, na ni mmoja tu ambaye hakumsumbua yule bwana. Mmoja kwa watatu, tena mikononi mwa mtu anayejua kazi yake! Miaka mingi baadaye Conron alisema hadharani kwamba anajuta, kwa vile waliomfuata walizalisha ovyo bila kujali afya ya mbwa.

Basi usimwambie mnunuzi kwamba mbwa "haleti mzio". Azungumze kwanza na daktari wa mtoto. Daktari akikubali, waje wakae na mbwa mzima wa namna hiyo chumbani, dawa ya pumu ikiwa karibu, na warudie siku nyingine mara kadhaa. Hata mambo yakienda vizuri, mkataba useme mbwa atapokewa akirudishwa. Manyoya ya chotara hubadilika anapokua, na aliyekuwa salama kwenye ziara anaweza kuwa tatizo akiishi nyumba moja na mgonjwa.

Hoja ya pili inayorudiwa sana ni kwamba chotara ana nguvu kuliko wazazi wake. Ina ukweli nusu, na nusu hiyo ni muhimu uielewe kabla hujapandisha. Magonjwa mengi ya kurithi huhitaji jeni mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Labrador wana ugonjwa wa kuanguka, miguu ya nyuma ikilegea baada ya mbio kali. Jeni hiyo ikiwa upande wa Labrador tu, watoto wa uzao wa kwanza wataibeba bila kuugua. Hapo uchotara umesaidia kweli. Lakini kuna upofu wa kurithi unaofupishwa prcd-PRA, nao uko kwa Labrador na uko kwa Poodle vilevile. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi ya 1 kwa 4 ya kuwa kipofu. Huanza kwa kutoona usiku, kisha giza kamili, na hauna tiba. Mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa mtu mzima, pesa zimeshaliwa zamani na namba ya muuzaji haipatikani. Nyonga mbovu nazo hazifuati hesabu hiyo nyepesi. Ni jeni nyingi pamoja na uzito na malezi, na jamii zote mbili zinazo.

Mwaka 2024 chuo cha Royal Veterinary College cha London kilichapisha ulinganisho wa Cockapoo (Cocker Spaniel na Poodle), Labradoodle na Cavapoo (Cavalier King Charles Spaniel na Poodle) na jamii za wazazi wao, kwa magonjwa 57 ya kawaida. Takriban asilimia 87 ya ulinganisho huo haikuonyesha tofauti yoyote. Ukisikia mtu anapandisha bei kwa hoja ya afya, muulize vipimo.

Uzao wa pili ndio huwaumbua wauzaji. Labradoodle wa uzao wa kwanza kwa kawaida wote huwa na ndevu na nyusi, kwa kuwa jeni moja ya Poodle inatosha. Ukiwapandisha wao kwa wao, takriban robo ya watoto huzaliwa na uso laini wa Labrador na hupukutisha manyoya kama kawaida. Hao ndio wasionunuliwa, na hao ndio huishia kutupwa. Na yale magonjwa yaliyojificha kwenye uzao wa kwanza hurudi hapa.

Vipimo vya kufanya ni hivi. Jike na dume wapigwe picha ya eksirei ya nyonga. Mfumo wa Uingereza hupokea picha kuanzia miezi 12, ule wa Marekani hutoa daraja la mwisho miezi 24. Kwa dume dogo la Poodle daktari akague pia magoti, maana kifuniko cha goti huteleza kwa mbwa wadogo. Ute wa shavuni hupanguswa kwa kijiti na kutumwa maabara ya nje kwa vipimo vya jeni. Mzazi mmoja akiwa safi kabisa kwa prcd-PRA, hakuna mtoto atakayepofuka kwa ugonjwa huo, hata mwenzake akiwa mbebaji. Kwa hapa kwetu naongeza damu kwa magonjwa ya kupe na ukaguzi wa sehemu za siri. Uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana uko kwa mbwa wanaozurura, na chembe zake hai huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Dalili ni damu kudondoka nje ya wakati wa joto (siku jike anapotaka dume) na nyama iliyofumuka kama koliflawa. Hutibika kwa sindano za vinkristini, moja kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini mbwa huyo hapandishwi. Ugonjwa wa kupe nao utibiwe kabla ya mimba, kwa sababu doksisaiklini, dawa inayoutibu, huharibu rangi ya meno ya watoto walio tumboni.

Kuhusu ukubwa: jike awe ndiye mkubwa. Mwenzetu hapo yuko sawa. Dume la Labrador kwa jike dogo la Poodle ni kumtafutia upasuaji au kifo. Ila miezi 14 bado ni mapema. Ngoja afike miaka 2.

Mimba huchukua takriban siku 63. Picha ya eksirei ya siku ya 55 hivi hukuonyesha idadi ya watoto, ujue kama kuna aliyebaki ndani. Usimpe kalsiamu ya ziada wakati wa mimba. Watu wengi humpa kwa nia njema, na mwili huzoea kutoitoa mifupani, kisha maziwa yakishuka anatetemeka na kupata degedege. Mpe chakula cha vilebu (watoto wa mbwa) wiki tatu za mwisho. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.5 hivi, uchungu uko karibu, mara nyingi ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto wakati unajua wengine wamo, mpigie daktari.

Maelekezo ya Ulaya yatakwambia uweke taa ya joto, maana vilebu wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 29 hadi 32. Februari na Machi chumba cha Mombasa kinafika huko chenyewe. Taa itawakausha. Weka kipimajoto usawa wa sakafu, acha upande mmoja wa sanduku wenye kivuli na hewa, na taa iwe ya usiku wa Julai, tena ikihitajika tu. Wapime kila siku kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka uzito kwa siku nzima ana tatizo. Na jamani, dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi msiwapake watoto. Waondoeni kupe kwa mkono na mmuulize daktari kuhusu dawa ya umri wao.

Kuna machotara ambao sioni sababu ya kuwazalisha Pwani hata vipimo vikiwa safi. Chotara wa Pug au French Bulldog hupoza mwili kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu hairuhusu mate kukauka upesi. Pua fupi inazidisha shida hiyo kila mchana wa maisha yake. Chotara wa Husky naye ana tabaka mbili za manyoya mwilini kwenye jiji hili. Labradoodle anawezekana, lakini mwambie mnunuzi ukweli: achanwe hadi ngozini mara kadhaa kwa wiki, akaushwe vizuri masikio akitoka baharini, anyolewe kila wiki 6 hadi 8. Manyoya yakisokotana na kubaki na maji, ngozi ya chini huoza.

Asitoke kwako kabla ya wiki 8. Minyoo anza wiki ya pili na urudie kila wiki mbili, chanjo ya kwanza kati ya wiki 6 na 8, ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Usiuze "karatasi": Labradoodle hatambuliwi kama jamii na vilabu vikubwa vya mbwa duniani, kwa hiyo unachoweza kumkabidhi mnunuzi ni majibu ya vipimo vya wazazi na kadi ya chanjo. Mkataba useme kwamba mbwa huyu, akiwa na umri wowote, akikosa pa kukaa anarudi kwako. Kama huna nafasi wala chakula cha kuwapokea wanne kwa mwaka mmoja, usizalishe.

Na vipimo vya jike wako vikitoka vibaya, mfunge kizazi. Jike anayebaki bila kufungwa hukabiliwa na usaha wa mfuko wa uzazi, hasa akizeeka: kiu nyingi, kukataa chakula, wiki chache baada ya joto. Upasuaji ufanywe takriban miezi mitatu baada ya joto kuisha, wakati mishipa ya damu ya kizazi imetulia na jeraha halivuji sana.