Kutoka 6–1 hadi 7–6: karatasi yako ya alama inasema nini

Mkuu, umeuliza kama vijana wako walibahatisha Ijumaa. Kwa waliochelewa kuingia: ni timu ya besiboli ya chini ya miaka 15 hapa Mwanza, mechi ya inningi saba (inningi ni zamu moja ya kupiga kwa kila timu), wao wakipiga wa mwisho. Mpaka zamu yao ya kupiga kwenye inningi ya sita walikuwa nyuma 6–1. Wakapata pointi mbili kwenye ya sita, nne kwenye ya saba, wakashinda 7–6 na kuingia nusu fainali ya Jumapili. Karatasi ya alama Mkuu ameiweka hapa, nami nimeipitia nukta kwa nukta. Bahati imo, ila ni mara moja tu.

Sisi tuliokulia kwenye kandanda tuna ugonjwa mmoja: tukiwa nyuma tunaanza kukimbizana na saa. Besiboli haina saa. Una auti 21 (auti ni mchezaji wako kutolewa) kwa inningi saba, tatu kila inningi, na anayeongoza hana ruhusa ya kujilaza uwanjani akishika goti mpaka kipenga kilie. Ni lazima arushe mpira na aitafute auti ya mwisho. Kwa hiyo timu iliyo nyuma mali yake ni auti, na karatasi yako inaonyesha mlivyozitapanya: inningi ya pili na ya nne mmeagiza banti, yaani kuugusa mpira tu uanguke karibu ili mwenzako asogee besi moja (kituo kimoja kati ya vinne vya kuzunguka mpaka pointi) huku wewe ukitolewa. Inningi ya tano kijana amekamatwa akiiba besi ya tatu, yaani akiikimbilia kabla mpira haujapigwa. Hizo ni auti tatu, inningi nzima, mmezigawa bure mkiwa nyuma kwa zaidi ya pointi moja. Banti ni silaha ya kutafuta pointi moja. Ukidaiwa tano, hailipi deni.

Sasa tuangalie ya saba. Mrushaji wao aliingia akiwa amerusha mipira 74 (nimehesabu nukta zako, moja kwa kila mpira, hongera kwa kuziandika, wengi hawaandiki). Mpigaji wa kwanza hakuzungusha gongo mpaka alipoitiwa straiki (mpira uliopita eneo la kupigika; tatu ni auti), akapewa besi kwa boli nne (mipira minne iliyopita nje ya eneo hilo) baada ya mipira saba. Wa pili akapiga kwenda uwanja wa kulia. Wa tatu akadakwa juu, auti moja. Wa nne boli nne tena, mipira sita, besi zikajaa. Wa tano akagongwa na mpira begani, naye akapewa besi, pointi ikaingia kwa kusukumana, 6–4. Hapo mrushaji amefika 96 na ametoka.

Hiyo 96 ina sababu. Kanuni za Little League (shirika la Marekani la besiboli ya watoto) kwa umri wa miaka 13 hadi 16 zinaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku. Akikifikia katikati ya mpigaji anaruhusiwa kummaliza huyo, kisha anatoka. Vijana wako hawakumshinda kwa nguvu. Walimmaliza kwa kumlazimisha arushe. Ukiwa nyuma kwa pointi tatu au zaidi, agizo ni moja: usizungushe gongo mpaka apate straiki ya kwanza. Akishapata straiki mbili, shika gongo juu kidogo, sentimita tatu au nne kutoka kitakoni, ufupishe mzunguko na uuguse kila unaokaribia. (Gongo la mti jamani, lile la kunywa lina madhara mengine.)

Kuna jambo jingine halimo kwenye karatasi, ila kwa viwanja vyetu vya changarawe ni karibu uhakika. Mrushaji anatua mguu wa mbele mahali palepale kila mara. Mpaka inningi ya sita pale pana shimo, mguu unazama, kiwiliwili kinabaki nyuma, mpira unatoka juu. Ukiona boli zake zote zinapita usawa wa kidevu, jua anatua shimoni. Upande wenu dawa ni ndogo: kila kabla ya kuanza kurusha, kijana ajaze shimo kwa mguu na kulishindilia. Kilima cha kurushia kifanyeni kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa, mmwagie maji, mshindilie tabaka kwa tabaka mpaka kimo cha sentimita 25. Mchanga wa ziwani haufai hata kwa dawa, unamomonyoka.

Mpigaji wa sita ndipo bahati ilipo. Besi zimejaa, auti moja, mrushaji mpya. Mpira wa chini kwa mchezaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu, akampa mwenzake wa besi ya pili, auti ya pili. Wa besi ya pili akarusha kwenda ya kwanza ili wafunge mchezo, mpira ukapita pembeni. Wawili wakaingia nyumbani (besi ya mwisho, penye pointi), 6–6, na mpigaji akafika besi ya pili. Ule mrusho ungefika, mngekuwa mmefungwa 6–4 na leo tusingekuwa na uzi huu. Ila hata bahati hiyo ina mlango: mpigaji alikimbia kwa nguvu zote mpaka mwisho, ndiyo maana yule akaharakisha. Na nyuma ya besi ya kwanza hapakuwa na mtu. Besi zikijaa mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) hawezi kuondoka nyumbani, kwa hiyo kufunika ni kazi ya mchezaji wa uwanja wa kulia, aanze kukimbia kuelekea mstari mara tu mpira unapogusa ardhi. Wafundisheni wenu hilo kesho, maana Jumapili linaweza kuwageukia.

Wa saba alipiga katikati ya uwanja na mwenzake akafunga kutoka besi ya pili. Mlifanya sawa: kukiwa na auti mbili, mkimbiaji anaondoka gongo linapogusa mpira, hasubiri kuona kama utadakwa. Kocha wa besi ya tatu alimpungia mkono aendelee, na kwa sare ilikuwa sahihi. Lakini mkono huohuo kwenye inningi ya sita, mkiwa nyuma 6–3, ulimpeleka kijana akatolewe nyumbani. Ukiwa nyuma kwa tatu, pointi yake peke yake haikuokoi, mwache besi ya tatu.

Kuhusu mpigaji wako anayerudi nyuma kila mpira ukija: ni mtoto wa rede huyo. Miaka yote amefundishwa kukwepa mpira, leo unamwambia asimame. Usimfokee. Laza ubao nyuma ya visigino vyake, mrushie mipira ya tenisi 30 kwa siku, mguu wa mbele usiguse ubao. Na msimfundishe kujipeleka kwenye mpira ili apewe besi. Mwamuzi akiona hakujaribu kukwepa, au mpira uko ndani ya eneo la straiki, hapewi kitu. Wale wa kupopoa maembe, kinyume chake, mikono wanayo. Tatizo lao ni kurusha juu. Walenge kifua.

Nimesema besiboli haina saa. Mwanza inayo. Hakuna taa, jua linazama kuelekea saa moja jioni, na mpira uliochafuka kwa vumbi hauonekani dakika 20 kabla ya hapo. Mkianza saa kumi, inningi ya saba mnaichezea gizani. Ombeni saa mbili asubuhi, na msome mapema kanuni za mashindano zinasemaje mechi ikikatishwa inningi haijaisha.

Sasa la Jumapili, ambalo hukuliuliza. Kwa kanuni hizohizo, mwenye miaka 14 au chini aliyerusha mipira 66 na zaidi anapumzika siku nne. Mrushaji wako wa kwanza alirusha 71 Ijumaa, kwa hiyo msahau. Aliyemalizia kurusha siku hiyo alirusha 33. Mipira 21 hadi 35 ni siku moja ya mapumziko, Jumamosi inatosha, huyo anaruhusiwa. Mimi nisingemwanzisha. Ningeanza na yule wa kati ya besi ya pili na ya tatu, hajarusha hata mmoja, atafute inningi tatu, kisha yule wa 33 amalizie. Mdakaji usimguse: anayefikisha mipira 41 ya kurusha haruhusiwi kudaka tena siku hiyo, na kwenye orodha yako sioni mdakaji wa pili.