Usiweke Desktopu Nzima kwa Ajili ya Dirisha Moja

Nachora ramani za mashamba ya korosho hapa Mtwara, na kazi nzito naiachia seva ya Linux niliyokodi Frankfurt, maana laptopu yangu yenye ramu ya GB 4 inaelemewa na picha za satelaiti. Mwanzoni niliiwekea seva ile desktopu nzima, yaani mazingira yote ya madirisha na menyu, ili nifungue QGIS tu, programu ninayochorea ramani. Ikala ramu niliyoikodi kwa ajili ya ramani. Nikaiondoa.

Programu yenye dirisha haidai desktopu. Inadai mahali pa kulichora dirisha lake, na hapo panaweza kuwa laptopu iliyo mbele yako. Mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye Linux na ulioanzia chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1984, ulijengwa hivyo tangu mwanzo. Majina ndiyo huchanganya watu: kwa lugha ya X, seva ni mashine yenye kioo, yaani laptopu yako, na QGIS iliyoko Frankfurt ndiyo mteja.

Kwenye seva, weka X11Forwarding yes ndani ya /etc/ssh/sshd_config, sakinisha xauth (inayotunza ruhusa ya kuchora kwenye kioo chako), kisha washa upya huduma ya ssh, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Kwenye laptopu ya Linux andika ssh -X jina@seva, halafu qgis. (Wa Windows atahitaji kwanza programu ya kupokea madirisha ya X, kama VcXsrv.) Dirisha likigoma, andika echo $DISPLAY hukohuko kwenye seva, uone kama programu imeambiwa kioo cha kuchorea. Ikitoka tupu, mara nyingi ni xauth imesahaulika. Usiijaze kwa mkono. Ssh yenyewe ndiyo huiweka, kwa kawaida localhost:10.0. Na chaguo la -Y, linaloipa programu ya mbali uhuru zaidi kuliko -X, litumie kwa seva unayoiamini tu, kwa sababu programu ya huko itaweza hata kusoma unachoandika.

Ndani ya ofisi moja njia hii inatosha kabisa. Kwa bando la simu kutoka Shangani, hapana. X huongea mno: kufungua menyu moja ni maswali na majibu mengi, na kila swali lazima liende Ujerumani na kurudi. Ukiongeza -C, inayobana data, data inapungua, lakini safari ni zilezile. Baya zaidi, muunganisho ukikatika programu inakufa papo hapo. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa nimechora mipaka ya mashamba ya Nanyamba kwa saa tatu bila kuhifadhi. Yote yalipotea, na wakulima walikuwa wananisubiri.

Tangu siku hiyo natumia xpra, programu inayoshikilia dirisha kwenye seva na kulionyesha kwenye laptopu, iliyosakinishwa pande zote mbili (100 ni namba ya kioo cha bandia huko kwenye seva):

xpra start ssh://jina@seva/100 --start=qgis

QGIS inabaki hai kwenye seva hata laptopu ikizima. Mtandao ukirudi, naandika xpra attach ssh://jina@seva/100 na kukuta mstari nilioachia katikati. Kama ungenipa nafasi ya kukushauri jambo moja tu, ningekwambia anza na hii.

Anayetaka desktopu kamili kupitia VNC, njia ya kuiona desktopu ya mbali, asiufungue mlango wake wa mtandao (port) wa 5901 kwa dunia nzima. Aupitishe ndani ya ssh: ssh -L 5901:localhost:5901 jina@seva.

Kuna kazi pia ambazo hakuna anayezitazama. Msimu wa korosho ukianza natoa ramani nyingi kwa mkupuo, na skripti inadai kioo hata kama nimelala. Naipa kioo cha bandia: xvfb-run -a python3 ramani.py, ndani ya tmux, inayoiacha kazi iendelee hata nikitoka kwenye seva. Asubuhi nazivuta PDF kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kisha natafuta pa kuzichapa.