Kinyongo Kinachorwaje? Maswali ya Walimu Kuhusu Msamiati wa Riwaya

Safari hii maswali yote yanahusu jambo moja: kufundisha maneno ya riwaya ya watoto kwa michoro na vitendo vya kuonekana.

Sura moja ina maneno magumu zaidi ya ishirini. Wanafunzi wayachore yote?

La. Matano yanatosha, na kwa kipindi kifupi hata hayo ni mengi. Isabel Beck na wenzake, watafiti wa elimu wa Marekani, waliyagawa maneno katika ngazi tatu: ya kila siku, kama "meza", ya fani maalumu, kama "usanisinuru", na ya katikati, ambayo msomaji atakutana nayo katika kitabu baada ya kitabu, kama "kusita", "bayana" au "kughafilika". Nguvu zako ziweke kwenye hayo ya katikati. Mtego upo hapa: tunapenda kuchagua maneno yanayochoreka kwa urahisi. Nanga hupendeza sana kwenye karatasi, lakini kama imetajwa mara moja tu, waonyeshe picha yake na msonge mbele.

"Mashua" inachoreka. "Kinyongo" je?

Kinyongo hakina umbo, lakini mwenye kinyongo ana uso, ana historia na ana mtu asiyetaka kumsalimu. Basi chora kisa. Mpe kila mwanafunzi visanduku vitatu kama vya katuni: mhusika anakosewa; muda unapita; bado hajasamehe. Kisanduku cha kati ndicho chenye kazi. Mtoto akikiruka, amechora hasira tu, na hapo umepata swali la kumuuliza: "Utaonyeshaje kwamba siku zimepita?" Mmoja atachora mwezi, mwingine kidonda kilichokauka. Katika kulitafuta jibu hilo, neno linaingia.

Maneno ya hisia yanayokaribiana yapangeni kwenye mstari mrefu ubaoni: kuudhika, kukasirika, kughadhabika. Kila kundi lichore uso mmoja na kuuweka mahali pake. Kisha uliza "kufura" kukae wapi. Watabishana, nawe usiwahi kuwaamulia. Mtakaporudi kwenye ukurasa wa riwaya, sentensi ya mwandishi itatoa ushahidi.

Kwa vitenzi vya mwendo napendelea nyayo kuliko watu. Anayenyata huacha alama za vidole bila visigino. Anayechechemea huacha unyayo mmoja kamili na mwingine nusu. Anayejikokota huacha michirizi, na anayepepesuka huacha nyayo zinazoyumba huku na huku. Hakuna anayeshindwa kuchora unyayo, na hakuna anayeweza kuuchora sawasawa bila kujua neno linamaanisha nini.

Mimi mwenyewe sijui kuchora. Nifanyeje?

Chora vibaya mbele yao, nao watathubutu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha majaribio ambamo watu walikumbuka zaidi maneno waliyoyachora kuliko waliyoyaandika, na uzuri wa mchoro haukuwa na uzito. Niongeze tahadhari: walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na maneno yenyewe waliyajua. Majaribio hayo yanahusu kukumbuka. Kuelewa neno jipya kunahitaji zaidi ya penseli.

Wanatia rangi kipindi kizima, na kesho yake neno limesahaulika.

Wapokonye rangi. Penseli, dakika tatu, basi. Rangi iruhusiwe pale tu inapobeba maana, kwa mfano katika "kusawijika". Halafu chini ya mchoro mtoto aandike sentensi inayoanza na "Huyu ana... kwa sababu...". Mchoro usio na sababu ni pambo la ukutani.

Wakubwa kidogo wape mraba wenye vyumba vinne uliotokana na kazi ya Dorothy Frayer na wenzake mwaka 1969: maana, sifa, mifano, na mifano isiyohusika. Mimi chumba cha sifa hukigeuza kuwa cha mchoro. Wanafunzi hukwama kwenye cha mwisho, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote. Chukua "ukaidi". Mtoto aliyekataa kupanda mti kwa sababu anaogopa, je, ni mkaidi? Akiweza kuchora kwa nini siyo, amelimiliki neno.

Maneno yafundishwe kabla ya kusoma sura au baada?

Kabla, mawili tu, yale ambayo bila hayo kisa hakieleweki. Mengine wayakisie wakiwa wanasoma, wachore walichodhani, kisha warekebishe mchoro sura inapoisha. Picha za kitabu zifunike mpaka wamalize, la sivyo watazinakili. Baadaye zifunue, zitie namba kwenye vitu na vitendo, na wanafunzi waoanishe namba na maneno. Ujanja huu ni wa kale: Comenius, mwalimu wa Ulaya wa karne ya kumi na saba, alichapa kitabu cha watoto chenye picha zilizotiwa namba mwaka 1658.

Nina mwanafunzi mwenye uoni hafifu.

Mchoro ni njia moja tu. Afinyange uso wa kughadhabika kwa udongo, au atembee kwa kunyata huku wenzake wakisikiliza hatua. Darasa zima lifanye hivyo pamoja naye, asibaki peke yake pembeni.

Nitajuaje kama wameelewa? Nisahihishe michoro?

Michoro usiitie alama hata kidogo. Baada ya wiki moja, onyesha picha mpya, isiyotoka kwenye riwaya, na uulize ni neno lipi kati ya yale matano linaifaa, na kwa nini. Alama zitoke kwenye hilo "kwa nini". Mwanafunzi anayetaja neno tofauti na ulilotarajia lakini akalitetea vizuri, mpe zote.