Walikata taya, kilichonitesa ni nyonga

Mkuu pole, mpe pole na shemeji anayetakiwa kukatwa taya. Umeuliza kama kweli mtu anatolewa mfupa wa nyonga anawekewa tayani halafu bado anatembea. Mi ni huyu hapa, natembea, juzi tu nimebeba debe la viazi toka shamba hapa Uyole, Mbeya.

Yangu ilianza na kauvimbe nyuma ya magego ya chini kushoto, hakaumi kabisa na ndo ubaya wake. Gego likaanza kucheza, zahanati moja wakang'oa, baadae wakang'oa na la pili, uvimbe upo palepale na unakua, bibi anasema nimetupiwa kitu. Mpaka nilipopigwa eksirei ya taya zima na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikaenda maabara ndo jina likajulikana, ameloblastoma. Sio kansa, ila inakula mfupa, na wakiikwangua tu inapenda kurudi, ndo maana wanakata mpaka wafike kwenye mfupa usioguswa na ugonjwa. Hicho kipimo cha kipande cha nyama hakikisha shemeji kafanya kabla ya yote.

Pengo lililobaki kwenye taya baada ya kukata lilikuwa kama sentimita 5, wakachukua mfupa wa nyonga pale mkanda unapokaa, wakaushika na pleti ya titani na skrubu. Pengo likizidi kama sentimita 6 mara nyingi wanaenda kwenye mfupa mwembamba wa mguu, ule wa pembeni ya ugoko, unatoka na mishipa yake ya damu wanaishonea shingoni. Huu wa nyonga unakuja mkavu, bila mishipa yake, unategemea damu ya nyama utakayoikuta, kwa hiyo ukipata usaha mdomoni unaweza kuoza ukatolewa. Kusukutua kila akila, na sigara marufuku.

Sasa nyonga. Nilijiandaa na maumivu ya mdomo, naamka mdomo siusikii, nasikia kiuno, kukohoa shida, kucheka shida, kushuka kitandani ndo usiseme. Wiki tatu natembelea fimbo ya mzee. Basi la kurudi toka Dar zile kona za mlima Kitonga niliinuka kwenye siti nikaning'inia kwa mikono miwili kama nyani.

Chakula ni mpira wa puani siku za mwanzo. Uji wa ulezi mama alikuwa anauchuja kwa kitambaa cha kanga, anausukuma taratibu kwa bomba la sindano, kabonge kamoja tu mpira unaziba, na ukimaliza unapitisha maji. Mdomo wa chini kushoto umebaki na ganzi maana mshipa wa fahamu unapita ndani ya huo mfupa uliokatwa, hadi leo mchuzi ukinichuruzika sijui, mke wangu anagusa kidevu chake ndo najifuta.

Kingine wengi hawasemi, choo. Kama kwenu ni cha kuchuchumaa hataweza, sisi tulitoboa kiti cha plastiki katikati tukakiweka juu ya tundu, fanya hivyo kabla hajarudi nyumbani.